Kabla Hujalinyanyua Gari Lako, Tuongee Kwanza

Simu ya gereji ikilia asubuhi, mara nyingi swali ni lile lile: "Fundi, kunyanyua Prado inchi tatu ni shilingi ngapi?" Mwenye gari ameshaona picha, ameshaona na la jirani lenye bampa la chuma, sasa na lake limefika kutoka Japani na anataka lifanane na hayo. Bei tunayo na kazi tunaifanya. Ila kabla ya bei tunamuuliza: gari litakuwa linakwenda wapi, na litabeba nini?

Hatuulizi ili kumzungusha mteja. Ukitoka mjini Mwanza, kila njia ina shida yake. Anayeshusha boti mwaloni hahitaji kile anachohitaji anayewapeleka wageni Serengeti kupitia lango la Ndabaka. Anayebeba vifaa vya mgodini kwenda Geita siku hizi anakula lami mwanzo mwisho, maana tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hata foleni ya kivuko haipo tena. Na kuna anayepanda kila jioni kwenye njia za mawe za Mabatini au Igogo, huyo adui yake ni jiwe lililo katikati ya njia. Magari hayo manne yanaweza kuwa ya aina moja na rangi moja, na bado kila moja likahitaji kazi tofauti.

Maelezo haya ni kwa mtu ambaye gari lake bado ni la kiwandani kabisa na hajui aanzie wapi.

Kwanza, gari liwe zima

Magari mengi yanayoletwa kwetu ni "mapya" kwa mwenye nayo tu. Yameshatembea Japani miaka kumi au zaidi. Bushi, zile raba za kwenye viungo vya chini ya gari, zimekauka, shokapu zimechoka, na yale yaliyotoka sehemu za baridi ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, chesisi huwa imeanza kuliwa na kutu kwa ndani. Ukifunga springi mpya ndefu juu ya bushi zilizokufa, gari litayumba, na utamlaumu fundi au springi wakati ugonjwa ulikuwepo tangu bandarini.

Kwa hiyo tunaliweka juu ya stendi na kulikagua lote: bushi, boljointi, tairodi, bearingi, mipira ya breki, mafuta ya difu zote mbili (masanduku ya giya yaliyo kati ya magurudumu, mbele na nyuma) na ya giaboksi. Tunajaribu na fowili yenyewe, yaani magurudumu yote manne kuvuta kwa pamoja. Gari lililoishi mjini miaka yote, lile la kuweka fowili kwa mkono, linaweza kuwa halijawahi kuwekwa hata mara moja, mfumo ukaganda, na mwenye gari akaja kugundua akiwa katikati ya tope la Magu. Hilux na Land Cruiser za kazi zisizo na fowili ya muda wote zijaribiwe kwenye vumbi au mchanga, zisijaribiwe kwenye lami: magurudumu ya mbele na ya nyuma hayazunguki sawa kwenye kona, na lami haiyaachii yateleze, mzigo wote unaishia kwenye vyuma. Kwa Land Cruiser zenye kufuli za mkono kwenye magurudumu ya mbele, hakikisha kufuli hizo zinazunguka. Tumeshapokea zilizojaa tope gumu hadi hazigusiki.

Prado nyingi zina fowili ya muda wote, na dereva anachofunga ni difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Dereva mgeni aelekezwe kitufe hicho siku ya kwanza. Hakigharimu kitu, na kina faida kuliko vitu vingi vya kununua.

Mwenye RAV4 naye anakaribishwa, lakini tutamwambia ukweli: gari hilo halina chesisi ya kujitegemea kama Prado wala giya ndogo za fowili. Lifungwe tairi nzuri na bamba la kukinga injini kwa chini, liishie hapo.

Tairi ndiyo hela ya kwanza

Kama bajeti yako inatosha kitu kimoja tu, nunua tairi. Na kabla ya kununua, soma zile ulizonazo. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Zikisomeka 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno marefu ya kuvutia na mpira uliokufa zamani. Tazama nyufa ndogo ndogo ubavuni, hasa karibu na rimu.

Kuhusu aina, watu wengi wanapenda tairi za matope zenye meno makubwa kwa sababu zinapendeza. Sisi wateja wengi tunawashauri zile za kati, zenye herufi AT, yaani za lami na vumbi pia. Tairi ya matope inapiga kelele kwenye lami, inaisha haraka, na kwenye lami yenye maji haishiki breki vizuri kama ya kati. Mtu anayekwenda Geita mara nyingi na kuingia porini mara moja moja hana sababu ya kuteseka nayo. Tunaikubali kwa anayeishi kwenye udongo mweusi wa mbuga, Misungwi, Magu, au ukanda wa magharibi wa Serengeti wakati wa mvua. Udongo ule unanata, unajaza meno ya tairi mpaka linakuwa laini kabisa, na hapo ndipo nafasi pana kati ya meno zinaposaidia kuurusha nje. Kwenye luseni, ule udongo wa mchanga, mambo ni kinyume: meno makali yanachimba shimo, na unachohitaji ni kupunguza upepo.

Habari ya kupunguza upepo watu hawaiamini mpaka waone. Tairi lenye psi 35 (psi ni kipimo cha upepo) likishushwa hadi 20 hivi linalala, linakanyaga eneo refu zaidi, na gari lililokuwa linazama linaanza kutembea. Ukitoka kwenye mchanga, jaza tena kabla ya kushika mwendo, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo likienda kasi linachemka na linaweza kupasuka. Ndiyo maana pampu ya upepo ya kufunga kwenye betri na kipimo cha upepo huwa vinaingia kwenye orodha yetu mapema kuliko bampa.

Ukubwa wa tairi nao una hesabu yake. Prado yenye 265/65R17 ina tairi la kimo cha milimita 776 hivi. Ukiweka 265/70R17, kimo kinafika 803. Difu ya nyuma inapanda nusu ya tofauti hiyo, kama milimita 13. Ni kidogo, lakini ndiko kupanda kwenyewe. Springi ndefu zinainua bodi. Difu ya nyuma inabaki palepale ilipokuwa, na jiwe la Igogo litaigonga vilevile. Kinachoipandisha difu hiyo ni tairi.

Tairi kubwa pia linadanganya dashibodi. Kwa 265/70, mshale ukikaa pale ulipokuwa unakaa zamani, gari linakwenda kwa asilimia 3.4 zaidi. Kwa 285/70R17 ni asilimia 7. Dashibodi nyingi hutoka kiwandani zikisoma juu kidogo ya mwendo halisi, sasa tairi kubwa linaila akiba hiyo yote, na kwenye eneo la kilomita 50 kwa saa tochi ya trafiki haitazingatia ukubwa wa tairi zako.

Uzito, jambo ambalo halionekani kwenye picha

Hapa ndipo magari mengi yanapoharibika. Bampa la chuma na winchi (mashine ya kamba ya kulivuta gari lililokwama) vinaweza kuongeza karibu kilo 100 mbele ya magurudumu ya mbele. Keria la kuchomelewa kwa chuma cha pembe, lile la kutengenezewa mtaani, lenyewe tu ni zito kabla halijapakiwa. Halafu linapakiwa: madumu mawili ya maji ya lita 20 ni kilo 40, madumu mawili ya dizeli ni kilo 34 hivi, tairi la spea na rimu yake ni kama 30. Umeshavuka kilo 100, na hujaweka hema wala mahindi ya mama mkwe. Paa la gari lina kikomo chake kwenye kitabu, na uzito wa keria lenyewe unahesabiwa humo humo.

Uzito uliokaa juu ni hatari zaidi kuliko uliokaa chini. Dereva akikwepa ng'ombe ghafla kwenye barabara ya Musoma, gari lililonyanyuliwa na kupakiwa paani linaelemea upande mmoja na linaweza kupinduka pale ambapo la kiwandani lingerudi lenyewe. Madumu yashuke, yakae ndani, chini, karibu na katikati ya gari, yafungwe kwa mikanda. Paani viende vitu vyepesi: magodoro, hema, mikeka.

Tukishajua uzito wa kudumu wa gari lako ndipo tunachagua springi. Springi ngumu kwa gari tupu zitakurusha kichwa hadi darini. Springi laini kwa gari zito zitakaa chini ndani ya miezi michache. Ndiyo sababu tunakuuliza unabeba nini.

Sasa tunafika kwenye kunyanyua. Kwa Prado na Hilux tunapenda kuishia inchi 2. Mbele ya magari haya kila gurudumu linajitegemea, na ekseli ndogo za mbele zina viungo vinavyofanya kazi kwa pembe fulani. Ukinyanyua zaidi, pembe inakuwa kali, mipira ya kiungo inachanika, grisi inatoka, mchanga unaingia. Alaimenti nayo inakataa kukaa sawa mpaka ubadilishe na mikono ya juu, na mipira ya breki huenda ikawa mifupi. Inchi tatu uliyoomba kwenye simu inawezekana, lakini ina vifaa vingine nyuma yake, na anayekutajia bei ya springi peke yake hajakutajia bei ya kazi yote.

Maji ya ziwa na difu

Kama unashusha boti mwaloni, au unavuka mito ya msimu, omba kazi hii kabla ya snorkeli, lile bomba la kuvutia hewa ya injini kutoka juu. Juu ya difu kuna kijibomba kidogo cha kupumulia. Ukitoka mjini hadi mwaloni difu imechemka. Ukirudisha gari majini, difu inapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa, na kama kijibomba kimeziba au kimezama, difu inavuta maji kupitia sili. Mafuta yanageuka rangi ya chai ya maziwa, na bearingi zinaanza kufa polepole bila kelele. Dawa yake ni mpira mrefu wa kupandisha pumzi hiyo hadi juu ya injini. Ni kazi fupi na ya bei nafuu, na hakuna mteja aliyewahi kutuomba kabla hatujamweleza.

Maji ya ziwa letu ni baridi, hayana chumvi, kwa hiyo kutu haiji kwa kasi ya Pwani. Mchanga wa mwaloni ndio unaosumbua. Unaingia kwenye breki na kula pedi, na kwenye breki za ngoma za nyuma unakaa humo humo. Osha chini ya gari, kisha kanyaga breki mara kadhaa ukiwa mwendo mdogo ili zikauke.

Snorkeli yenyewe inainua mdomo wa injini, na kwenye vumbi inavuta hewa iliyo safi zaidi kidogo. Hailifanyi gari kuwa mtumbwi. Ikiwa viungo vyake havikuzibwa vizuri, maji yanaingia kwenye silinda, na kwa kuwa maji hayasindiliki, konrodi, mkono wa pistoni, inapinda. Snorkeli iliyofungwa kwa urembo ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu inampa dereva ujasiri usio na msingi.

Kukwama na kujinasua

Mpira wa kuvutia trela, lile tufe la chuma nyuma ya gari, si mahali pa kufunga mkanda wa kuvutia gari lililokwama. Tunalirudia hili kwa kila mteja. Ule mpira ukikatika unaruka kama risasi na unaua. Gari liwe na kulabu zilizofungwa kwenye chesisi kwa bolti zenye uwezo, mbele na nyuma, pamoja na mkanda mzima, shakeli (pingu za chuma za kuungia mkanda) zenye uwezo ulioandikwa, koleo na mbao mbili za kuweka chini ya tairi. Watazamaji, na mwaloni hawakosekani, wasogezwe mbali kabla ya kuvuta.

Winchi inaweza kusubiri. Ukiitaka, chukua yenye uwezo wa angalau mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa limepakiwa. Na kumbuka kwamba kwenye uwanda wa Ndabaka unaweza usipate hata mti mmoja wa kufungia kamba.

Taa za ziada ziwe na rilei, swichi ya umeme mkubwa, na fyuzi iliyo karibu na betri. Taa mbili za wati 55 zinavuta ampea 9 hivi, na waya mwembamba usio na fyuzi unaweza kuwasha moto chini ya boneti. Zizimwe unapopishana na wenzako.

Ukibadilisha rangi au injini, kadi ya gari nayo irekebishwe TRA, na wakala wa bima umweleze ulichofunga kabla ya ajali, si baada yake.

Ukija gerejini, njoo na gari likiwa limepakiwa kama linavyosafiri, pamoja na dereva anayezoea kuliendesha kama si wewe mwenyewe. Ukaguzi wa chini unachukua kama nusu siku, na tunakuandikia orodha: ya kufanya sasa, ya kufanya baadaye, na ambayo gari lako halihitaji. Baada ya kilomita 1,000 rudi tukaze nati na bolti zote upya, maana springi na bushi mpya hukaa mahali pake taratibu.