Dakika 30 si haki ya kila mechi ya mtoano

Ndugu Mhariri,

Kila timu zetu zinapotolewa kwenye mashindano ya Afrika kwa matokeo ya jumla yaliyofungana, mabanda umiza hujaa swali lile lile: mbona mwamuzi hakuongeza dakika 30? Hakuongeza kwa sababu hana mamlaka hayo. Sheria ya 10 ya soka inaruhusu njia tatu za kumpata mshindi: mabao ya ugenini (jumla ikifungana, anapita aliyefunga mengi zaidi ugenini), muda wa ziada na mikwaju ya penalti, yaani matuta. Ipi itumike, na ianze ipi, huamuliwa na kanuni za mashindano yenyewe kabla hata timu hazijapangwa.

Ndiyo maana Simba na Wydad Casablanca, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa 2023, kila mmoja akiwa ameshinda 1-0 kwake, walikwenda moja kwa moja kwenye matuta na Wydad wakapita kwa 4-3. Mwaka uliofuata Yanga na Mamelodi Sundowns walitoka 0-0 Dar es Salaam na 0-0 Pretoria, wakapigiana matuta, Sundowns 3-2, bila dakika hata moja ya ziada. Fainali ya Kombe la Shirikisho 2023 haikufika hata huko. Yanga walifungwa 2-1 nyumbani, wakashinda 1-0 Algiers, na USM Alger wakabeba kombe kwa mabao yao mawili ya ugenini. UEFA iliifuta kanuni hiyo mwaka 2021, hivyo aliyezoea soka la Ulaya lazima ashangae. Kwenye AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, mechi za mtoano zina dakika 30, isipokuwa ile ya kuwania nafasi ya tatu. Kwenye Copa América ya 2024, kombe la mataifa ya Amerika Kusini, muda wa ziada ulitengwa kwa fainali peke yake. Anayesema redioni “kwa mujibu wa FIFA ni lazima waongezewe” anawapotosha wasikilizaji.

Pale kanuni zinaporuhusu, dakika 90 zikiisha wachezaji hubaki uwanjani, hupumzika kidogo, kwa kawaida dakika 5, na shilingi hurushwa upya. Vinachezwa vipindi viwili vinavyolingana, kila kimoja kisizidi dakika 15, na katikati yake ni kunywa maji tu, isizidi dakika 1. Vinachezwa hadi mwisho, yafungwe mabao mangapi. Bao la dhahabu, lile lililomaliza mechi papo hapo, lilifutwa mwaka 2004, lakini hadi leo kwenye ndondo, mashindano yetu ya mitaani, mashabiki huvamia uwanja bao la kwanza likiingia, na kuna waamuzi wanaomaliza mechi hapo hapo. Kadi ya njano iliyotolewa ndani ya dakika 90 bado inahesabika. Kanuni zikiruhusu, kila timu huongezewa pia nafasi ya kubadili mchezaji mmoja, hata kama haijamaliza zile za awali.

Kwenye matuta ndiko makosa yanakojazana. Shilingi hurushwa mara mbili: kwanza kupata goli litakalotumika, isipokuwa usalama au hali ya uwanja imlazimishe mwamuzi kuchagua mwenyewe, kisha kujua nani aanze. Wanaopiga ni wale tu waliokuwa kwenye mchezo filimbi ya mwisho ilipolia, kwa hiyo kocha anayemtoa mpigaji wake mzuri dakika ya 118 amempoteza. Timu ikiwa pungufu kwa kadi nyekundu, wapinzani nao wanapunguza ili idadi ilingane, na mwamuzi anatajiwa jina na namba ya anayetolewa. Huyo hasahauliki kabisa: kipa akiumia, anaweza kuingia langoni badala yake. Mpigaji wa kumi na moja, ambaye mara nyingi ni kipa, lazima apige kabla yeyote hajarudia.

Mkwaju ukipigwa, kipa awe na angalau sehemu ya mguu mmoja juu ya mstari, usawa wake au nyuma yake. Akitoka mapema na kuokoa, mkwaju unarudiwa. Kosa la kwanza ni onyo la mdomo, la pili njano. Akitoka mapema lakini mpira ukapaa juu bila yeye kumvuruga mpigaji, haurudiwi, na hapa makocha wengi hupandisha hasira bure. Mpira ukigonga mtambaapanya, ukamgonga kipa mgongoni na kuingia, ni bao. Mpigaji hana ruhusa ya kuumalizia ukirudi. Akiteleza akaugusa mara mbili kwa bahati mbaya na ukaingia, tangu Julai 2025 unarudiwa, usipoingia, amekosa. Njano za mechi haziingii kwenye matuta: aliyepewa njano dakika ya 40 akipewa nyingine wakati wa mikwaju hatolewi.

Waandaaji wa ndondo wana tatizo lao la pekee, nalo ni giza. Piga hesabu ya mechi inayoanza saa 10:00 jioni. Pamoja na mapumziko ya dakika 15 na dakika chache za majeruhi, filimbi ya dakika ya 90 italia kama saa 11:50. Kipindi cha pili cha nyongeza kitaanza saa 12:13 hivi, na mwezi Juni jua la Dar es Salaam huzama yapata saa 12:15. Matuta yatapigwa kwenye mwanga wa simu, kipa haoni mpira na mwamuzi msaidizi haoni mstari. Kisha fujo.

Anayetaka dakika 30 aanze mechi saa 9:15, au afupishe vipindi, maana sheria inasema kisizidi dakika 15, haisemi lazima vifike. Kisha kanuni ziandikwe, nakala zigawiwe kwa viongozi wa timu siku ya kupanga ratiba, na kifungu chenyewe si kirefu: “Mechi ikimalizika kwa sare baada ya dakika 90, mshindi atapatikana kwa mikwaju ya penalti moja kwa moja, isipokuwa fainali, ambayo itaongezwa vipindi viwili vya dakika 10 kabla ya mikwaju hiyo.”

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam