Kwa Waziri wa Ulinzi wa Kenya: Marafiki Wakubwa Wawekewe Mipaka

Mheshimiwa Waziri,

Juni 2024 Marekani iliitangaza Kenya kuwa mshirika wake mkuu asiye mwanachama wa NATO (muungano wa kijeshi wa Marekani na washirika wake), hadhi ambayo haikuwa imepewa nchi yoyote kusini mwa Sahara. Aprili 2025 Rais wetu akaenda Beijing kuimarisha uhusiano na China. Haukupita muda, seneta mmoja wa Marekani akataka hadhi ile ipitiwe upya.

Silaumu ziara ile wala ushirika ule. Reli ya Mombasa hadi Nairobi imejengwa kwa sehemu kubwa kwa mikopo ya China, na wanajeshi wetu wananufaika na mafunzo ya Marekani. Ninachotaka kujua ni hiki: ni jambo gani ambalo hata rafiki mkubwa akiliomba, ataambiwa hapana?

Tazama Djibouti. Marekani na China zote zina kambi pale, kilomita chache tu kati yao. Mwaka 2018 Marekani ililalamika kwamba miale ya leza kutoka upande wa kambi ya China iliwaumiza macho marubani wake, China ikakana. Mwenye nchi ni Djibouti, ila ugomvi ulikuwa wa wageni.

Sisi tuna Manda, uwanja wa ndege wa kijeshi kule Lamu ambao wanajeshi wa Marekani pia wanautumia. Januari 5, 2020, Al-Shabaab waliuvamia uwanja ule wa ndege, wakaua Wamarekani 3. Al-Shabaab ni adui wetu pia, hilo silibishi. Tangu Oktoba 2011 vijana wetu wanapigana nao Somalia. Lakini je, siku uwanja huo utakapotakiwa kwa vita visivyotuhusu, dhidi ya nchi inayotudai, nani atajibu, na kwa kufuata andiko gani?

Katiba imeshaonyesha njia. Kifungu cha 240 kinalitaka Baraza la Usalama wa Taifa lipate idhini ya Bunge kabla ya kuruhusu majeshi ya kigeni nchini, na lilete Bungeni ripoti ya usalama kila mwaka. Naomba ripoti ijayo iseme waziwazi kila dola kubwa inaruhusiwa kufanya nini katika ardhi yetu, anga yetu na bandari zetu, na nini hairuhusiwi. Yaliyo ya siri kwelikweli, kamati ya ulinzi iyasikilize faraghani.

Mkataba wa ulinzi tuliotia saini na Marekani Septemba 2023 ni wa miaka 5. Kabla haujaongezwa mwaka 2028, tafadhali uletwe Bungeni ujadiliwe kipengele kwa kipengele, na wa China, ukija, upitie mlango huohuo.

Wako mwaminifu,
Mwananchi