Asubuhi anakimbia, jioni anaburura mguu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni juu ya watoto wanaopinda miguu. Aliuliza: kama ni ugonjwa wa ukoo, mbona baba mtu ni mzima na mdogo wake anacheza vizuri? Akamalizia kwamba familia za namna hiyo zitazame kwanza nani kawatupia kitu. Swali hilo nimeulizwa miaka 4 sasa, kisimani, kanisani, hata kwenye msiba wa mama mkwe wangu. Leo nalijibu, maana jibu ninalo nyumbani kwangu.

Mimi ni mkulima wa viazi hapa Isongole, Rungwe. Nina wasichana wawili. Mkubwa alianza kuumwa akiwa na miaka 6. Asubuhi aliamka mzima kabisa, akateremka kwenda shule akikimbizana na wenzake. Ikifika saa tisa mchana, mguu wa kushoto unaanza kukaza: kisigino kinapanda, unyayo unageukia ndani. Jioni ukimtuma maji anatembea kwa kushika ukuta. Akijilaza, hata usingizi wa saa moja tu, anaamka mguu umelegea na anatoka mbio. Nani angeamini kwamba mtoto huyo anaumwa? Mwalimu wake alisema ni mvivu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimchapa mara mbili kwa kukataa kubeba dumu la lita 5.

Kilichonifungua macho ni viatu vyake. Januari tulimnunulia raba nyeusi soko la Uyole. Aprili nilizifua, nikazianika juu ya kuni zikauke, ndipo nikaziona chini. Ya kulia ilikuwa bado na vijimeno vyake vyote. Ya kushoto ukingo wa nje ulikuwa umelika mpaka kitambaa kimetoboka penye kidole kidogo, lakini kisigino ni kipya kama kilivyotoka dukani. Nilikaa chini palepale nikalia. Mtoto anaweza kujifanya anaumwa mbele ya mama yake, lakini hawezi kujifanya miezi mitatu mfululizo, njia nzima, mahali ambapo hakuna anayemwangalia.

Tulikokwenda kwanza walisema ni mtindio wa ubongo, wakatupa mazoezi ya kunyoosha mguu. Walimwona saa tatu asubuhi. Hakuna aliyeuliza jioni anakuwaje, nami sikujua kama ni jambo la kusema. Mwaka na nusu ukapita hivyo. Kisha tukapelekwa kwa daktari wa watoto katika hospitali nyingine. Mama yule alimwona asubuhi, akatuambia tusiondoke, tukakaa kwenye benchi mpaka saa kumi, akamwita tena atembee koridoni. Alipoona mguu umegeuka akavuta kiti, akaniuliza: “Mama, kwenu au kwa baba yake kuna nani mwingine mwenye shida ya mguu, mkono, au kutetemeka? Hata mzee. Hata kama ameshafariki.”

Mimi nilikuwa nasema hakuna. Mume wangu ndiye aliyenyamaza muda mrefu, halafu akaanza kuhesabu.

Mama yake, huyo mama mkwe wangu, alipopita miaka 60 alianza kutetemeka mkono na kutembea kwa vihatua vifupi, uso umekauka kama mtu aliyenuna. Tukasema ni uzee. Baba mdogo wa wanangu alikuwa karani wa kupima majani ya chai. Akishika kalamu, vidole vinajikunja na kuikaba mpaka ncha yake inatoboa karatasi, lakini akishika jembe analima kutwa bila shida. Aliacha ukarani, na kijiji kizima kikasema amerogwa na aliyekitaka kiti chake. Binti yangu mdogo, ambaye kila mtu humtaja kuwa ndiye mzima, hutembelea ncha za vidole siku tunazokwenda mnadani kwa miguu na kurudi, na siku hizo tu. Mume wangu mwenyewe hana lolote. Anabeba gunia la viazi begani mpaka barabarani.

Daktari alitueleza kwamba wote hao wanaweza kuwa wamebeba kitu kimoja. Ugonjwa wenyewe unaitwa distonia inayoitikia levodopa: distonia ni misuli kujikaza na kupinda kiungo bila mtu kutaka, na levodopa ni dawa ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Wengine huuita ugonjwa wa Segawa, kwa jina la daktari wa Japani aliyeueleza miaka ya 1970. Alinichorea nyuma ya karatasi ya dawa. Ubongo unahitaji dopamini, kemikali inayotengenezwa humo humo, ili kuongoza mwendo wa viungo. Kuna jeni iitwayo GCH1, iliyotambuliwa mwaka 1994, ambayo inatoa maagizo ya kutengeneza kimeng'enya kinachohitajika ili dopamini ipatikane. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Moja ikiwa na kosa, dopamini inaweza kuwa haba. Usingizi unarudisha akiba, shughuli za mchana zinaila, ndiyo maana jioni mguu unagoma.

Mzazi mwenye nakala yenye kosa anaweza kumpa kila mtoto wake au asimpe, nusu kwa nusu katika kila mimba. Lakini kuirithi hakumaanishi lazima uugue. Wapo wanaoishi nayo mpaka uzeeni bila dalili yoyote, na wanawake huugua zaidi kuliko wanaume. Kwa hiyo mume wangu anaweza kuipokea kwa mama yake, akaipitisha kwa binti yake, yeye akabaki mzima. Ndugu msomaji, huyo ndiye baba uliyemuulizia.

Tulianzishiwa dozi ndogo ya vidonge vya levodopa vilivyochanganywa na kabidopa, dawa inayoisaidia levodopa ifike kwenye ubongo, kwa majaribio. Siku ya nne, jioni, nilikuwa jikoni nikasikia hatua za mtu uani. Hatua za mwanangu za saa kumi na mbili nazijua: moja nzito, moja ya kuburura. Hizi zilikuwa sawasawa. Nikatoka na mwiko mkononi. Alikuwa ametoka kisimani na dumu kichwani, hata hakujua kwa nini nimesimama.

Nisieleweke vibaya. Watoto wengi wenye mguu uliopinda wana mtindio wa ubongo kweli, na dawa hii haitawanyoosha. Mzazi asiende dukani kununua vidonge hivi kwa sababu ya barua yangu. Ninachowaomba madaktari na wauguzi wetu ni kuuliza jioni mtoto anakuwaje, na kuuliza habari za ukoo mpaka kwa bibi na baba wadogo, kwa sababu dalili ya bibi haifanani na ya mjukuu.

Ombi la pili ni dawa. Levodopa na kabidopa zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mimi namtuma kondakta wa Kosta anitafutie Mbeya mjini, na mara mbili amerudi mikono mitupu. Mara ya pili tulikaa siku 9. Mguu uligeuka tena, na mtoto akaniuliza kama nitamchapa.

Juzi wifi yangu wa Makambako alinipigia simu. Yeye ni mzima, lakini kijana wake wa miaka 7 anakataa kuchunga ikifika mchana, na baba yake ameshakata fimbo. Nimemwomba fimbo iwekwe chini kwanza. Wanakuja Alhamisi kwa daktari yuleyule. Nimemwambia aje na viatu vya mtoto vya zamani, asivifue wala asivitupe.

Naomba jina langu lisichapishwe, kwa ajili ya wanangu.

Mama wa wasichana wawili,
Isongole, Rungwe, Mbeya