Kuhusu ukuta wa Kalemie

Lubumbashi, mwezi wa nane

Yaya Mado,

Ndakala, samaki wetu wale wadogo, zimefika, barua pia, na vyote vinanuka ziwa. Asante sana. Mama amekwisha kuficha nusu ya mfuko.

Kabla ya kuanza ukuta wako huko Kalemie, unaniuliza kama mambo haya ya chuo, wanafunzi kuchora ukutani pamoja na wenye mtaa, ni utafiti kweli au ni kutafuta picha za kupamba ripoti. Kwangu jibu liko hapa: watafiti wakishaondoka, kazi inabaki kwa nani?

Mkumbuke mchoraji Tshibumba Kanda Matulu. Alizaliwa hapa mwaka 1947, na katika miaka ya 1973 na 1974 alichora historia ya nchi nzima, picha kama mia moja, huku akimweleza Johannes Fabian, mwalimu wa anthropolojia wa chuo chetu, maana ya kila moja kwa Kiswahili chetu hiki. Kazi kubwa, sibishi. Fabian alimsikiliza mchoraji kuliko wengi wa wakati ule. Lakini mtoto wa Katuba, hapa mjini, akitaka kuziona picha zile leo, itabidi apande ndege aende Amsterdam. Ndiyo maana navutiwa zaidi na kazi ya kumbukumbu za Lubumbashi waliyoianza profesa Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake mwaka 2000: walikusanya masimulizi na vitu vya nyumbani vya watu wa kawaida, wakavionyesha katika jumba letu la makumbusho. Watu walienda kuangalia maisha yao wenyewe. Halafu kuna wale wa kituo cha sanaa cha Picha, akina Sammy Baloji na Patrick Mudekereza, ambao tangu 2008 wanatuletea Biennale, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili. Mwaka 2022 mada yao ilikuwa sumu, na katika mji wa shaba nani angeuliza kwa nini?

Sisi tulitaka kitu kidogo zaidi, kitu cha kupitwa na mtu anayekwenda sokoni. Ukuta wetu uko komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Kabla ya kununua hata ndoo moja ya rangi, wanafunzi walitembea mtaani na wazee, wakisimama pale mzee anaposimama. Hapa palikuwa na bomba la maji, hapa baa, hapa watu walipanga mstari wa posho. Baadaye wenyeji wakachora ramani yao kwa mkaa juu ya makartoni. Haifanani kabisa na ile ya ofisi za mji, na mimi naiamini zaidi.

Ugomvi ulianza tulipouliza kiwekwe nini. Wazee wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, walitaka bomba la moshi na ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba. Bila hivyo, walisema, huo si mji wetu. Unajua wanavyosema, kampuni ilikuwa baba na mama: nyumba, unga, hospitali, shule. Kijana mmoja wa pikipiki akauliza, "Bomba hilo limenilisha mimi lini?" Alikuwa bado mtoto mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoanza kuondolewa kwa mpango ule ulioitwa wa hiari. Basi kelele. Aliyezima moto ni mama mmoja muuza mboga za lengalenga: "Mlima wenyewe wanausaga kila siku kutafuta kobalti. Mkichelewa, utakuwa mdogo kuliko picha yenu." Mlima ukachorwa, ukiwa umemegwa upande mmoja.

Mama huyo huyo akadai mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki. Wanafunzi wangu wakacheka, kwao ni picha ya sebule za zamani. Akawajibu kwamba sebule hizo ndizo zilizowazaa. Mamba muntu yupo, na kusema kweli ndiye aliyechorwa vizuri kuliko vyote.

Jambo zito lilikuwa lile la Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya madini ya wakoloni, waliogoma wakapigwa risasi uwanjani. Mzee mmoja alitaka miili ionekane. Wamama wakakataa, watoto hupita pale asubuhi na jioni. Mwishowe wakakubaliana: uwanja, magoli mawili, na hakuna mtu. Mimi ningechora wazi, lakini ukuta si wangu.

Kuhusu vipimo vya mafanikio, ambavyo profesa wako atavidai: hesabu ya wageni siku ya uzinduzi haisemi kitu. Wakati wa kampeni ya uchaguzi kuna mtu alibandika sura ya mgombea juu ya mamba muntu. Wamama walilibandua bango lile kabla sisi hatujapata habari. Hilo nililiweka ukurasa wa kwanza wa ripoti.

Sasa huko kwako. Ukuta wa stesheni ni mzuri, reli ndiyo iliyoufanya mji, ila usianze bila karatasi ya ruhusa yenye muhuri, maana mkubwa akibadilishwa rangi yako itafunikwa. Tembea na wapakiaji wa bandarini na wamama wanaoanika ndakala, pia na wale ambao ziwa lilipopanda liliwafukuza nyumbani. Hao wanajua mji ulipokuwa. Na rangi ya dukani isikutie madeni. Wanawake wa Makwacha, nje ya Lubumbashi, hupaka kuta zao kwa udongo wa rangi kila kiangazi, na mvua ikifuta wanapaka tena. Kwa unyevu wa Kalemie, chokaa na udongo vitakufaa, mradi mtaa ukubali kuwa kazi itarudiwa.

Ukipata muhuri, niandikie kabla mvua hazijaanza. Nitakuja na wanafunzi wawili wanaojua kuchora na kunyamaza. Nauli nitaiomba kitivo, ingawa wewe unakijua kitivo. Msalimie shangazi, na dereva yule akirudi, mpe ndakala nyingine.

Mdogo wako,
Kasongo