Kufufua gari la zamani si kazi ya miezi sita

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wa makala yenu ya wiki iliyopita, aliyewashauri wasomaji wanunue gari la spoti la zamani, walifufue kwa miezi sita, kisha walifurahie. Picha mliyoiweka ilipendeza kweli: rangi nyekundu inang'aa, rimu za spoku zinameta. Ila rangi ndiyo kazi nyepesi kuliko zote, na ndiyo inayoficha nyingine.

Mimi nina MGB ya mwaka 1965, gari dogo la spoti la Kiingereza, ile ya wazi isiyo na paa la bati. Si gari adimu. Waingereza waliyaunda katika mji wa Abingdon kuanzia 1962 hadi 1980, zaidi ya nusu milioni. Injini yake ya silinda 4, cc 1,798, fundi yeyote mwenye subira anaielewa, na mimi haijawahi kuninyima usingizi. Kinachoninyima usingizi ni bodi.

Gari hili halina chasisi ya kujitegemea kama lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Na kwa kuwa halina paa, sehemu kubwa ya kazi ya kulizuia lisipinde katikati imeachiwa vizingiti vilivyo chini ya milango. Kwa nje unaona kipande kimoja cha bati. Kwa ndani kuna mabati kadhaa yaliyochomelewa pamoja, na kati yake nafasi ambamo maji na tope huingia na kutulia. Kutu huanzia huko ndani. Ukiona malengelenge kwenye rangi, jua ndani kuliisha zamani.

Aliyekuwa na gari hili kabla yangu aliyaona malengelenge hayo, akajaza puti na kupiga rangi juu. Nilipopitisha sumaku chini ya mlango wa dereva, haikushika mahali, maana puti si chuma. Nikabandua puti kwa patasi, na humo ndani, Mhariri, nikakuta magazeti. Yalikuwa yamekunjwa na kushindiliwa ili puti isidumbukie kwenye tundu. Nayapenda magazeti, lakini si ya kushikilia gari.

Kizingiti hakikatwi ovyo. Kwanza unachomelea vyuma vya kukingama kwenye uwazi wa mlango, la sivyo bodi inalegea mara tu tindo inapopita. Halafu unachomelea kidogo huku, unahamia kule, unasubiri bati lipoe, maana moto mwingi unalikunja. Kila hatua unarudisha mlango na kutazama ule mwanya wake: uwe na upana uleule juu mpaka chini. Ukibana juu na kuachia chini, gari limeshajipinda. Unakata ulichochomelea, unaanza tena. Huo ni upande mmoja, na miezi sita ya mwandishi wenu imeshapita.

Tena kazi moja huzaa nyingine. Kizingiti kikiwa wazi unaona sakafu nayo imekonda. Ili ufike kwenye sakafu unang'oa viti, na nyuma yake ndipo zilipo betri mbili za volti 6, kila moja kwenye kisanduku chake ambacho asidi imekwisha kukila. Ukigusa nyaya, gamba lake linapukutika mkononi. Kuhusu nati, sitasema mengi: ni za inchi, na anayezilazimisha kwa spana za milimita atazitafuna pembe zote.

Watu hudhani kikwazo ni spea. Kwa gari hili ni kinyume. Karibu kila kipuri kinatengenezwa hadi leo. Hata bodi nzima mpya zimekuwa zikiundwa tangu 1988. Spea zingekosekana, ningekuwa na kisingizio cha kuacha. Sina.

Na ukifika nyuma, mbele kumeanza upya. Sehemu za mpira hukauka hata gari likiwa limeegeshwa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, yakiachwa muda mrefu hutia kutu ndani ya silinda za breki. Gari linaloshinda chini ya turubai linaoza kwa adabu tu.

Sisemi watu wasinunue. Kuna raha yake. Zile kabureta mbili za SU, zinazochanganya hewa na petroli kwa ajili ya injini, lazima zivute hewa sawasawa, nami huzipima kwa kipande cha bomba la mpira: ncha moja mdomoni mwa kabureta, nyingine sikioni, nikisikiliza mvumo wa hii na wa ile mpaka ulingane. Mke wangu husema ninanong'onezana siri na injini. Na asubuhi ya kazi hiyo simjibu mtu.

Ninachopinga ni ile hesabu ya miezi sita, kwa sababu ndiyo inayomfanya mtu alifungue gari zima kwa mkupuo. Magari mengi ya aina hii huuzwa yakiwa ndani ya makasha, nati zimechanganyika, mwenyewe hakumbuki breketi (kishikizo cha chuma) ipi ni ya wapi. Heri ulitengeneze likiwa linatembea: msimu huu breki, ujao kizingiti cha kushoto, na katikati uliendeshe.

Mkirudia mada hii, tafadhali mpeni mpiga picha jeki na tochi, apige chini ya gari. Na mwandishi aende na sumaku.

Msomaji wenu,
Mwenye MGB ya 1965