Idd Imerudi Kwenye Kaskazi

Idd Mubarak, wasomaji wangu. Minal aidina wal faizina. Waliosali jana kwa mwezi wa kimataifa na tuliosali leo kwa mwezi wa hapa, wote nawapa mkono. Pilau ni ile ile, na kiporo cha jana kimezidi kukolea.

Naandika nikiwa barazani, Ng'ambo, hapa Unguja. Piko ya vidoleni nilitiwa usiku wa manane na mpwa wangu aliyekuwa akisinzia, kwa hiyo ua la kidole gumba limekwenda upande. Joto mnalijua wenyewe. Ramadhani ya kaskazi, msimu wa joto wa upepo wa kaskazini, haina mchezo: koo linakauka saa nne asubuhi, unavumilia, unavumilia, ukitazama saa unakuta ni saa nne na robo.

Mwezi mzima nilikuwa na deni la maswali yenu kuhusu Mize na Kaskazi, wahusika wa vitabu vyangu. Niliwaambia nitajibu nikishafungua. Haya, nimefungua.

Kwa mgeni aliyeingia sasa hivi: Mize ni msichana wa Unguja, ana miaka 16 tunapokutana naye. Kaskazi ni jini wa upepo. Sharti lake ni kwamba anakanyaga nchi kavu siku nne tu za sikukuu ya Idd el-Fitr, tena upepo uwe wa kaskazi. Nje ya hapo yeye ni mchakacho tu kwenye makuti ya mnazi.

Swali lililoongoza kwa wingi: vitabu viwili vizima, kwa nini hawajabusiana hata mara moja? Mmoja aliongeza kwamba anayeuliza si yeye, ni shangazi yake. (Msalimie shangazi.) Someni tena sura ya manyunyu, kitabu cha kwanza. Mize anavua kanga ya juu, anamtupia Kaskazi ajifute uso, wala haidai tena. Anarudi nyumbani na kanga moja. Mama yake anaiona asubuhi kwenye kamba ya kuanikia, peke yake, bila mwenziwe. Hasemi neno, anaendelea kuchambua mchele. Kanga hununuliwa doti, jamani. Msichana aliyetoka na mbili akarudi na moja ana la kueleza. Mimi nilipoandika ukurasa ule ilibidi niinuke nikanywe maji. Kama mlipita mbio mkilitafuta busu, lilikuwa pale pale.

Kisha kuna wataalamu wa hesabu. Wamenishika kwamba Mize anakutana na Kaskazi Idd ya Januari, na kitabu cha pili kinaanza Idd ya Desemba, mwaka ule ule. Mhariri alikuwa amelala? Hakulala. Mwaka 2000 Idd el-Fitr ilituangukia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na mwishoni mwa Desemba. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, ndiyo maana Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka kwenye kalenda ya ukutani, na baada ya miaka kama 33 inakuwa imepita misimu yote na kufika ilipoanzia. Mwaka 2033 tutasherehekea mara mbili tena, Mungu akitupa uhai.

Ule wa 2000 siusahau kwa sababu ya gauni. Januari nilishonewa la rangi ya limau, mikono ya puto. Desemba baba akalitazama gauni, akanitazama mimi, akasema, "Sikukuu ya mwaka huu si tumeshanunua?" Mama akafumua upindo, akaongeza utepe chini, nikaenda nalo Mnazi Mmoja. Kila nilipomwona mtu wa darasa langu nilijificha nyuma ya bembea.

Lakini swali lililonikalisha chini lilitoka kwa mwanafunzi wa kidato cha pili. Simtaji, anajijua. Aliandika mistari mitatu tu: amehesabu, Idd ikishatoka Desemba inaingia Novemba, halafu Oktoba, halafu inazama kwenye kusi, msimu wa upepo wa kusini, kwa hiyo Kaskazi hawezi kurudi mpaka Mize awe mtu mzima. Je, nilijua hilo nilipoandika?

Sikujua. Siku ya Idd siwezi kuwadanganya. Nilipolibuni lile sharti nilipenda tu lilivyosikika mdomoni, siku nne, upepo wa kaskazi. Kitabu cha tatu nilishakiandika kurasa mia na ushei, wawili wale wanakutana mwaka unaofuata, ngoma inapigwa, mambo yanakwisha. Nikachukua kalenda na kalamu. Idd ya Desemba 2002 ndiyo ya mwisho. Ya 2003 iko mwishoni mwa Novemba, vuli, upepo haujatulia. Baada ya hapo ni kusi na kipupwe, halafu masika, mwaka baada ya mwaka. Mwaka jana, 2025, ilikuwa imebaki kidogo tu, lakini ilifika mwisho kabisa wa Machi, upepo umeshaanza kugeuka. Idd ya kwanza kurudi ndani ya kaskazi ni hii. Hii ya leo.

Nilikaa na daftari lile hadi daku. Mize tuliyemwacha pwani na miaka 19 leo ana 42.

Ndipo nikaanza kuhesabu na ya kwetu. Kaskazi ya 2002, siku ya Idd, baba alikuwa hai, na bibi alikuwa hai, amekaa mlango wa jiko akitukataza kudokoa zabibu za pilau. Bibi hakuwahi kujua mwaka aliozaliwa. Alichojua ni kwamba aliolewa Mfunguo Mosi, baada ya Ramadhani ya maembe, na kwamba ile Ramadhani ya maembe ilimrudia akiwa na wajukuu. Miaka yote nilidhani ni maneno ya wazee. Kumbe bibi alikuwa na hesabu ile ile ya yule mtoto wa kidato cha pili, ila yeye alihesabu kwa matunda. Ya tatu hakuifikia. Leo asubuhi sinia letu lilikuwa na watu tisa, watano kati yao hawakuwa wamezaliwa mara ya mwisho Idd ilipokuwa ya joto hivi, na wanadokoa zabibu kama sisi.

Kwa hiyo zile kurasa mia nimezitupa. Kitabu cha tatu anasimulia binti yake Mize, ana miaka 17. Usiku wa kuamkia sikukuu anamkuta mama yake anapiga pasi kanga moja, kuukuu, isiyo na pacha, na hajawahi kuiona. Naam, Mize aliolewa. Mlionisema kwa hilo nimewasikia. Aliolewa na mtu mwema anayekoroma, akazaa, akafungua duka la vitambaa. Mimi sina subira na hadithi zinazomwacha msichana dirishani miaka ishirini mpaka aote ukungu.

Mmeuliza pia kama ndoa ya mtu na jini inasihi. Nilimpelekea swali mjomba wangu, anasomesha chuoni. Alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akaniambia kwamba wanazuoni wengi wameikataa, na akataka kujua walii wa bwana harusi nitamtoa wapi. Nikamkumbusha kwamba walii ni wa bibi harusi. Akasema, "Basi umeanza kuelewa ugumu wake."

Na chombo cha Kaskazi, kwa nini kimeshonwa kwa kamba? Kwa sababu ni mtepe, wala sikuubuni. Mitepe ilikuwa vyombo vya visiwa vya Lamu na Wabajuni, mbao zimeshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, hakuna msumari hata mmoja, tanga lake mkeka. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa inatoweka baharini. Mfano wake mmoja uliwekwa ndani ya Beit al-Ajaib, jumba la makumbusho hapa Unguja ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Bibi yangu alikuwa akiweka kisu chini ya mto wa mtoto mchanga, akisema majini hawapatani na chuma. Nilipokutanisha kisu cha bibi na chombo kisicho na msumari, jini wangu akapata usafiri.

Kitabu kitaitwa Mfunguo Mosi, jina tunaloupa mwezi huu ulioandama jana. Kiko kwa mhariri. Inshallah mtakuwa nacho mikononi kabla ya Idd ya kuchinja, ambayo ni Mfunguo Tatu, na msinihesabie siku.

Kama Kaskazi anarudi au harudi, sisemi. Jana baada ya Isha nilikwenda Forodhani na daftari langu. Upepo ulikuwa mdogo, unatoka kaskazini, na harufu ya urojo ilikuwa inakuja nao. Nimeandika hivyo hivyo.

Naishia hapa, watoto wa mtaani wamefika kudai sikukuu yao. Niliandaa noti sita mpya za elfu kwa sababu kila mwaka wako sita. Leo nawahesabu mara ya pili, wako saba, na wenyewe wanashikilia kwamba wako sita.