Waulizeni daftari liko wapi

Mhariri,

Mjukuu wangu anaendesha boda hapa Jinja. Mwezi uliopita alitapeliwa shilingi 350,000 na mtu aliyejitambulisha kwenye simu kuwa wakala wa Freemason. Kwanza ilikuwa pesa ya fomu, 50,000. Halafu pesa ya cheti. Halafu pesa ya "kufungua baraka", na hapo ndipo zilikokwenda nyingi. Pikipiki yenyewe bado ni ya mkopo.

Tangu siku hiyo kila anayeingia kwangu ana hubiri lake. Mchungaji anasema kijana ameponea chupuchupu, na sitabishana naye. Lakini jirani yangu anasema kosa lake ni kuangukia wakala feki, angempata wa kweli sasa angekuwa ndani ya Land Cruiser. Huyu jirani ndiye aliyenifanya nitafute kalamu.

Mimi si Freemason. Ila mwaka 1970, nikiwa na miaka 19, niliajiriwa kupiga taipu kwa Muhindi mmoja pale Kampala Road. Mchana aliuza vifaa vya ofisi. Jioni alikuwa katibu wa loji, ndilo tawi la Freemason, iliyokuwa chini ya Loji Kuu ya Uingereza, na karatasi za loji nilizipiga mimi, nakala kwa kaboni. Mambo ya chumbani mwao sikuyajua. Nilichokijua ni kazi ya katibu, nayo ilichosha kuliko ya duka.

Kabla ya kila kikao tulituma wito kwa wanachama wote. Kama kulikuwa na mtu anayeomba kuingia, wito ulitaja jina lake, umri, kazi, anakoishi, na wanachama wawili: anayempendekeza na anayemuunga mkono. Ndipo wampigie kura ya siri, kwa gololi nyeupe na nyeusi. Nyeusi zikifika 3 ombi limekufa, na loji ikitaka inaweza kujiwekea kanuni kwamba hata 1 inatosha. Baada ya kikao nilipiga kumbukumbu, kisha barua za wadaiwa wa ada. Hizo ndizo zilikuwa nyingi! Aliyedaiwa miaka 2 kamili uanachama wake ulikoma, awe tajiri namna gani. Na kila mwaka orodha ya wanachama ilikwenda London.

Siku moja nilimuuliza bwana huyo kama orodha ile si siri. Alicheka. Akaniambia kwamba kule Uingereza, sheria ya mwaka 1799 iliwalazimu makatibu wa loji kuipelekea serikali kila mwaka majina na kazi za wanachama, na kwamba ilifutwa juzijuzi tu, 1967.

Mgeni kutoka loji nyingine naye hakuingia kwa kusema tu "mimi ni ndugu". Mlangoni hukaa mtu wa nje, na upanga wake, asiyepitisha asiyejulikana. Ama awepo mwanachama wa kumdhamini, ama mgeni atoe cheti na aulizwe maswali. Kisha anatia saini kwenye daftari la mahudhurio, saini hiyo inalinganishwa na ile aliyoitia mwenyewe kwenye cheti chake. Na hata cheti peke yake hakikutosha, kwa sababu cheti kinaonyesha uliingia lini, hakionyeshi kama mwaka huu umelipa ada.

Mwaka 1972 Amin alipowapa Wahindi siku 90, bwana yule aliacha duka, gari na nyumba. Katika wiki ya mwisho aliniagiza nimpigie karatasi moja fupi: kwamba fulani amejiuzulu loji na hadaiwi senti. Alikwenda kumtafuta mweka hazina mji mzima ili aitie saini. Mimi niliona ni wazimu, nchi inawaka na yeye anahangaikia karatasi. Akaniambia bila hiyo loji ya huko aendako haitampokea. Leo ningesema ni kama barua ya LC 1, baraza la kijiji: ukihamia kijiji kipya bila barua, mwenyekiti atakuuliza umetoka wapi na umekimbia nini.

Basi nilimwomba mjukuu anionyeshe "cheti" chake. Ni picha kwenye simu. Kuna bikari na pembemraba, alama ya Freemason, kuna jicho, kuna mhuri mwekundu, jina lake limekosewa herufi mbili. Namba ya loji hakuna. Tarehe ya kuingia hakuna. Mahali pa mwenye cheti kutia saini yake hakuna, wala angeitiaje kwenye kioo cha simu?

Alhamisi walimwandikia tena kwamba uanachama wake umesimamishwa mpaka atume 80,000. Nilimwamuru ajibu hivi: "Nitumieni tarehe ya kikao nilichopigiwa kura, jina la aliyenipendekeza, na jina la katibu aliyeandika kumbukumbu." Leo ni Jumanne. Hawajajibu, na ile picha ya profaili yenye mhuri imeshatolewa.

Karani mstaafu,
Walukuba, Jinja